Msimu wa Tuzo za Sinema: Picha Zilizozaliwa Kwetu

Kila mwaka, tangu Januari hadi mwezi wa Machi, wapenzi wa sinema duniani huwa na shughuli yao maalumu. Majina ya picha zilizoteuliwa kugombea tuzo hutangazwa, watu hubishana, na hatimaye bahasha hufunguliwa na washindi wakatajwa. Kwa kawaida tuzo za Golden Globe hutangulia mwezi wa Januari, zile za Uingereza ziitwazo BAFTA hufuata Februari, na Oscar za Marekani, ambazo ndizo zenye jina kubwa kuliko zote, huufunga msimu.

Mjini Kigali msimu huo haupiti kimya. Vijana wa Nyamirambo na Remera huziulizia picha zilizotajwa, na mafundi wa agasobanuye, wale wanaotafsiri maneno ya wachezaji kwa sauti zao wenyewe, hawakosi kazi. Askari polisi arudipo kutoka zamu ya usiku Kacyiru huweza kukuta wanawe wamekwisha kupanga picha ya kutazama Jumamosi. Mama naye, aliyeshinda wiki nzima akiangalia nyumba peke yake, hutaka kujua kama picha hiyo inafaa kutazamwa mbele ya watoto na mbele ya bibi yao.

Basi yafaa kuuliza: familia ya Kigali ina hisa gani katika tuzo zinazogawanywa mbali hivyo? Jibu ni kwamba ina hisa kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa zaidi ya miaka 70 sasa, picha zilizopigwa katika ardhi hii, au zilizosimulia mambo ya watu wake, zimekuwa zikipanda jukwaani Hollywood na kwingineko. Baadhi zilishinda, nyingi zilishindwa. Zilizoshindwa nazo zina mafunzo yake, na pengine ndizo zinazostahili kutazamwa tena.

MAANA YA KUTEULIWA

Tuzo za Oscar zilianza tarehe 16 Mei 1929, katika chakula cha usiku kilichohudhuriwa na watu wapatao 270 katika hoteli moja ya Hollywood. Tuzo yenyewe ni sanamu ndogo ya mtu, ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye urefu wa sentimita 34 hivi na uzito wa karibu kilo 4. Wapigaji kura ni wanachama wa chuo cha wanasinema cha Marekani. Katika uteuzi, wachezaji huwateua wachezaji wenzao, waongozaji huwateua waongozaji, na wakata picha huwateua wakata picha. Katika kura ya mwisho wanachama wote huchagua washindi.

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba picha fulani iliteuliwa, ajue kuwa watu wa kazi ile ile waliitazama wakaiona kuwa miongoni mwa bora za mwaka ule. Lakini tuzo hupima ufundi: uchezaji, uandishi, upigaji picha, muziki. Haipimi ukweli wa habari inayosimuliwa. Ni jambo la kukumbukwa kila mara, hasa picha inapohusu nchi ambayo wapigaji kura wengi hawajapata kuikanyaga.

PICHA ZA ENZI ZA WAZEE

Mwaka 1950 Wamarekani walitoa picha iliyoitwa King Solomon's Mines, hadithi ya wasafiri wa Kizungu wanaotafuta hazina barani Afrika. Watengenezaji wake walizunguka Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo na Ruanda-Urundi ya wakati ule. Ndani yake wamo wachezaji ngoma wa Kinyarwanda, warefu na wenye madaha, na hata leo mtazamaji hulazimika kuacha alichokuwa akifanya wanapoingia. Picha hiyo ilipata Oscar mbili, ya upigaji picha wa rangi na ya ukataji. Wachezaji ngoma hawakuwa na lao katika zawadi hizo. Katika hadithi ile waliwekwa kama pambo la safari ya wageni.

Mwaka uliofuata, 1951, ilitoka The African Queen, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kongo na Uganda. Humphrey Bogart alipata Oscar yake ya pekee kwa kuigiza nahodha mlevi wa mashua chakavu, na Katharine Hepburn aliteuliwa bila kushinda. Askari wanaopenda historia ya vita wataifurahia zaidi wakijua asili yake. Meli ya kivita ya Wajerumani katika hadithi ile inafanana na meli ya kweli, Graf von Goetzen, iliyotawala Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria na mizigo kwa jina la Liemba. Vizazi kadhaa vya wasafiri wa Kigoma na Mpulungu viliipanda bila kujua kuwa vimepanda meli iliyopata kuingia katika hadithi ya Hollywood.

Mwaka 1985 ikaja Out of Africa, iliyopigwa Kenya, ambayo ilishinda Oscar 7 mwaka 1986, pamoja na ile ya picha bora ya mwaka. Ni picha nzuri kwa macho: vilima vya Ngong, ndege juu ya mbuga, muziki unaotuliza. Hata hivyo, mtazamaji wa Afrika Mashariki atagundua upesi kwamba wenyeji hupewa nafasi ya kupokea amri, kuhuzunika na kuaga. Kasoro hiyo haizuii mtu kuitazama. Mzazi anaweza tu kumwuliza mwanawe, picha ikiisha: "Je, hadithi hii angeisimulia mpishi wa nyumba ile, ingeanzia wapi?"

MILIMA YA VIRUNGA

Picha ya kwanza kubwa iliyoifanya Rwanda ijulikane kwa jina mbele ya wapigaji kura wa Oscar ni Gorillas in the Mist ya mwaka 1988. Inamhusu Dian Fossey, Mmarekani aliyeanzisha kituo cha utafiti cha Karisoke mwaka 1967 kati ya milima ya Karisimbi na Bisoke, na aliyeuawa kambini kwake mwezi wa Desemba 1985. Sigourney Weaver, aliyemwigiza, alipanda milima hiyo hiyo na kukaa karibu na gorila wa kweli.

Picha hiyo iliteuliwa kugombea Oscar 5: ya mchezaji bora wa kike, uandishi, ukataji, muziki na sauti. Usiku wa mwaka 1989 ulipofika, haikupata hata moja. Kwenye Golden Globe mambo yalikuwa bora, kwani Weaver alishinda kwa kugawana nafasi na wenzake wawili, na Maurice Jarre alipata tuzo ya muziki.

Wanaoitazama leo wana faida ambayo watazamaji wa mwaka 1988 hawakuwa nayo: wanajua habari iliendeleaje. Picha ile inaacha hisia kwamba gorila wa milimani wako ukingoni mwa kutoweka, na ndivyo ilivyokuwa. Hesabu ya mwaka 1981 katika milima ya Virunga ilipata gorila 254 tu. Lakini matokeo ya hesabu yaliyotangazwa mwaka 2018 yaliwapata 604 katika milima hiyo, na zaidi ya 1,000 wakijumlishwa wale wa Bwindi nchini Uganda. Idadi hiyo haikuongezwa na mtu mmoja. Iliongezwa na walinzi, wafuatiliaji wa nyayo, madaktari wa wanyama na wanavijiji wa pande zote tatu za mpaka, waliofanya kazi hiyo hata miaka ya vita. Tangu mwaka 2005 Rwanda huwapa watoto wa gorila majina hadharani katika sherehe ya Kwita Izina.

Picha ya hali halisi iitwayo Virunga, ya mwaka 2014, iliyoteuliwa kugombea Oscar mwaka 2015, inafaa kutazamwa mara baada ya ile ya kwanza. Hapo walinzi wa upande wa Kongo ndio wenye hadithi. Yumo André Bauma, mlezi wa gorila mayatima, ambaye mmoja wa wanyama wake, Ndakasi, alikuja kufa mikononi mwake mwaka 2021. Mke wa askari au wa mlinzi atakayemwona mwanamume yule akibaki na wanyama wake huku milio ya mizinga ikikaribia hatahitaji kuelezwa maana ya lindo.

HOTELI NA HISTORIA YAKE

Hakuna picha inayojadiliwa Kigali kwa ukali kama Hotel Rwanda. Ilitoka mwaka 2004, na mwaka 2005 iliteuliwa kugombea Oscar 3: Don Cheadle kwa mchezaji bora wa kiume, Sophie Okonedo kwa mchezaji msaidizi wa kike, na Keir Pearson pamoja na Terry George kwa uandishi. Haikushinda. Jamie Foxx na Cate Blanchett ndio waliochukua tuzo za uchezaji.

Kwa watu wengi wa ng'ambo picha hii ndiyo iliyokuwa habari ya kwanza waliyoielewa juu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kwa hilo ilifanya kazi. Lakini mkazi wa Kigali huiona kwa jicho jingine. Kwanza, sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini, na mwenyeji hutambua mara moja kwamba barabara si zake. Pili, hoteli yenyewe, Mille Collines, ipo mjini na watu huipita kila siku. Zaidi ya watu 1,200 walijihifadhi humo, na wengi wao walinusurika. Baadhi ya walionusurika wamepinga waziwazi jinsi picha ilivyomkweza meneja wake na kumfanya mwokozi wa pekee. Mmoja wao, Edouard Kayihura, alishiriki kuandika kitabu kilichochapishwa mwaka 2014 kueleza waliyoyaona wenyewe.

Hapa ndipo pa kukumbuka yaliyosemwa juu ya maana ya kuteuliwa. Cheadle alicheza vizuri, na Okonedo vilevile. Sifa yao haifutwi na ubishi huo, wala sifa hiyo haiugeuzi mchezo kuwa ushahidi. Kijana wa Kigali anayetaka kujua yaliyotokea ana Gisozi, ambako kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2004 imehifadhi mabaki ya zaidi ya watu 250,000. Tena ana wazee wake. Picha ya sinema na imfungulie swali, lakini jibu akalitafute kwao.

PICHA FUPI ZENYE UZITO

Msimu wa tuzo una mlango mwingine ambao wengi hawauchungulii: picha fupi na picha fupi za hali halisi. Humo Rwanda na jirani zake wameingia zaidi ya mara moja.

God Sleeps in Rwanda, ya Kimberlee Acquaro na Stacy Sherman, iliteuliwa mwaka 2006. Kwa muda wa nusu saa hivi inawafuata wanawake watano walionusurika wakijenga upya maisha. Mmoja wao ni askari polisi anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayelea watoto wanne peke yake, na ambaye jioni, baada ya kazi, hukaa darasani kusomea sheria. Picha haikushinda, na si watu wengi waliopata kuiona. Pamoja na hayo, ni vigumu kutaja picha nyingine ya msimu wowote iliyomheshimu askari wa kike wa Rwanda kwa kiasi hicho, bila kumfanya shujaa wa kubuni wala kumwonea huruma.

Open Heart, ya Kief Davidson, iliteuliwa mwaka 2013. Ina dakika 40 hivi. Inawafuata watoto 8 wa Rwanda wanaoacha wazazi wao na kusafiri hadi Khartoum, katika hospitali ya Salam iliyofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Kiitaliano la Emergency, ili wapasuliwe moyo bila malipo. Ugonjwa wao ulianza kwa jambo dogo, yaani maumivu ya koo. Koo lililoambukizwa aina fulani ya vijidudu lisipotibiwa, mwili huweza kupata homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huharibu vilango vya moyo polepole bila mtoto kujua. Dawa ya kuzuia madhara hayo ni ya kawaida na si ghali: penisilini, ikitolewa na mganga kwa kipimo na muda unaotakiwa.

Kwa sababu hiyo mama yeyote mwenye watoto wa shule anapaswa kuiona picha hii. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anayelalamika koo, mwenye homa, na anayemeza kwa shida, asipewe maji ya chumvi na kuachwa. Apelekwe kituo cha afya, na akipewa dawa azimalize hata kama maumivu yamekwisha siku ya pili. Mtoto anayechoka upesi kuliko wenzake, anayehema akipanda kilima kidogo, au anayevimba viungo kwa zamu, naye apimwe moyo.

Picha ya tatu ya kundi hili ni Watu Wote, iliyoteuliwa mwaka 2018. Msomaji wa Kiswahili ataielewa tangu jina lake. Ina dakika 22 tu, nayo imetokana na tukio la kweli la Desemba 2015, magaidi waliposimamisha basi karibu na Mandera, Kenya, wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi na baadaye akafariki kwa majeraha hayo. Picha ilitengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg wakishirikiana na Wakenya, na maneno yake ni ya Kiswahili na Kisomali. Haikushinda Oscar. Katika nchi iliyoona watu wakitengwa kwa makundi vizuizini, hakuna asiyejua ni nini kilichokataliwa ndani ya basi lile.

KUTOKA KIGALI HADI JUKWAANI

Katika mwaka 2006 kijana mmoja Mmarekani mwenye asili ya Korea, Lee Isaac Chung, alifika Kigali pamoja na mkewe aliyekuwa akija kusaidia walionusurika. Naye hakutaka kukaa bure, akafundisha sinema. Yeye na wanafunzi wake wakapiga picha kwa siku 11, bila mchezo ulioandikwa neno kwa neno, wachezaji wakiwa vijana wa mjini ambao hawakuwa wachezaji kwa kazi. Picha hiyo, Munyurangabo, ilionyeshwa katika tamasha la Cannes mwaka 2007, nayo ilikuwa picha ndefu ya kwanza ya kubuni iliyochezwa kwa Kinyarwanda.

Hadithi yake ni ya vijana wawili marafiki wanaotoka Kigali. Mmoja amebeba panga alilolichukua sokoni, naye anakwenda kumlipizia kisasi mtu aliyemwua baba yake. Njiani wanapita nyumbani kwa yule mwenzake, na huko wazazi wanamtazama mgeni kwa jicho baya. Mambo makubwa yanatokea katika kazi ndogo ndogo: kulima, kukandika ukuta, kuchota maji, kula pamoja au kukataa kula pamoja. Hakuna mlipuko hata mmoja.

Chung aliendelea na kazi yake, na mwaka 2020 akatoa Minari, juu ya familia ya Kikorea inayojaribu kilimo huko Arkansas. Hiyo iliteuliwa kugombea Oscar 6 mwaka 2021, pamoja na picha bora na mwongozaji bora, na Youn Yuh-jung, aliyeigiza bibi wa nyumba ile, alishinda. Mtu akizitazama picha hizo mbili jioni mbili zilizofuatana ataona mkono ni ule ule: udongo, maji, baba mwenye ukaidi, na nyumba inayotaka kuvunjika. Somo lake la kwanza la picha ndefu Chung alilipata kwa vijana wa Kigali, kama wao walivyolipata kwake.

Wanyarwanda wenyewe hawakukaa wakisubiri wageni. Eric Kabera, aliyeshiriki kutengeneza picha ya 100 Days mwaka 2001, alianzisha tamasha la sinema la Rwanda mwaka 2005, nalo likawa likipeleka pazia na projekta hadi vilimani, likaitwa Hillywood. Mwaka 2011 Kivu Ruhorahoza aliipeleka picha yake ya Grey Matter katika tamasha la Tribeca, New York, na mchezaji wake, Ramadhan Shami Bizimana, akatangazwa mchezaji bora wa kiume.

ASKARI WAWILI MSITUNI

Ushindi mkubwa kuliko wote ulikuja tarehe 2 Machi 2019, huko Ouagadougou, Burkina Faso. Tamasha la FESPACO, lililoanza mwaka 1969, lilikuwa likitimiza miaka 50, na Rwanda ilikuwa mgeni wa heshima. Tuzo yake kuu ni farasi wa dhahabu, kwa ukumbusho wa Binti Mfalme Yennenga wa Wamossi. Usiku ule farasi huyo alitolewa kwa Joel Karekezi, Mnyarwanda, kwa picha yake The Mercy of the Jungle. Marc Zinga, aliyeshika nafasi ya sajini, alitangazwa mchezaji bora wa kiume.

Hadithi inaanza mwaka 1998, mwanzoni mwa vita ya pili ya Kongo. Sajini Xavier, aliyezoea vita, na Faustin, askari kijana asiyejua bado, wanaachwa nyuma na kikosi chao. Hawana chakula, hawana maji, hawana mawasiliano, na pande zote msitu umewafunga. Njaa, homa na woga huwapiga kabla ya adui. Polepole sajini anaanza kumweleza kijana mambo ambayo hajapata kumweleza mtu, juu ya waliokufa mkononi mwake na mbele ya macho yake.

Picha nyingi za vita hutengenezwa na watu wanaopenda mizinga. Hii imetengenezwa kwa kuupenda ukimya. Askari waliopata kukaa porini watatambua jinsi miguu inavyooza ndani ya buti, jinsi sauti ya tawi inavyomfanya mtu ashike silaha, na jinsi mzaha mdogo unavyoweza kumwokoa mwenzako asikate tamaa. Familia zao nazo zitatambua jambo jingine: kwa nini baba, arudipo kutoka kazi ndefu, iwe mpakani au katika ulinzi wa amani Jamhuri ya Afrika ya Kati, huketi kizani barazani na kujibu kwa neno moja.

Watoto wakubwa wakiitazama pamoja naye, huenda wakamwuliza: "Baba, nawe ulikuwa hivyo?" Si lazima ajibu siku hiyo. Akitaka kujibu, asikatizwe. Akinyamaza, mama asimsukume mbele ya watoto, bali amwachie mlango wazi. Sajini wa kwenye picha alihitaji msitu mzima ili aseme. Baba wa nyumbani naye huenda akahitaji wiki kadhaa.

KABLA YA KUWASHA TELEVISHENI

Iko sababu nyingine inayofanya msimu wa tuzo uwe na uzito wake hapa Kigali. Bahasha za Hollywood zinapokwisha kufunguliwa, mara nyingi zimebaki wiki chache tu kufika tarehe 7 Aprili, siku ambayo taifa huanza juma la maombolezo, na baada yake siku 100 za kukumbuka hadi Julai. Vijana ambao mwezi wa Machi walikuwa wakihesabu tuzo hujikuta, mwezi wa Aprili, wakizitafuta picha za mwaka 1994. Kutafuta kujua ni kuzuri, ila kuna adabu yake.

Kwanza, picha inayohusu mauaji isiwashwe sebuleni kabla ya kuuliza waliomo ndani. Bibi, shangazi, jirani aliyekuja kuomba chumvi, yeyote kati yao huenda alikuwapo. Mlio wa filimbi au picha ya kizuizi cha barabarani kwa kijana ni mchezo, kwake si mchezo. Akisema hataki, pasiwe na swali la pili.

Pili, mtu akipatwa na ihahamuka, yaani akaanza kutetemeka, kulia au kusema kama kwamba yuko mwaka ule, televisheni izimwe, watoto watolewe kwa upole, naye akae na mtu anayemwamini. Asiambiwe anyamaze, wala asiambiwe kwamba yamekwisha pita. Akitulia apewe maji na kusikilizwa. Asipotulia apelekwe kituo cha afya.

Tatu, watoto wadogo wasitazame picha hizi kabisa. Walio na umri wa kuelewa watazame pamoja na mtu mzima, na mazungumzo yafanyike usiku ule ule, wasiende kulala na maswali kichwani.

Familia inayotaka kuufuata msimu kwa utaratibu inaweza kupanga Jumamosi nne za mwezi wa Februari au Machi hivi. Ya kwanza iwe ya watoto na wazazi wote: Gorillas in the Mist kwa walio na umri wa kutosha, na kabla yake wadogo wasimuliwe habari za Kwita Izina. Ya pili iwe Open Heart na Watu Wote, kwani zote mbili hazizidi saa moja na dakika chache, na mama anaweza kuwaita majirani wenye watoto wa shule. Ya tatu iwe Munyurangabo, pamoja na bibi akitaka, na Minari ifuate usiku wa Jumapili. Ya nne iachiwe watu wazima na vijana wakubwa, baba akiwa hayuko zamu: The Mercy of the Jungle, taa ikiwa imepunguzwa na chai ikiwa tayari jikoni kwa mazungumzo yatakayofuata.